Ujinga Wangu Alipe Nani?

Waarabu wana methali moja kali: kinyozi hujifunza kunyoa kwenye vichwa vya mayatima. Ukiisikia mara ya kwanza unacheka. Ukiifikiria mara ya pili kicheko kinakata. Kwa nini yatima? Kwa sababu yatima hana baba wa kuja kuuliza, "Nani kamkata mwanangu?" Wembe ukiteleza, damu inafutwa kwa kitambaa, na kesho yake kinyozi anajua kidogo zaidi ya jana. Mtoto wa mwenye duka ataletwa baadaye, mkono ukishatulia.

Ndugu msomaji, nataka tuijadili methali hii, maana mimi mwenyewe sasa hivi ni mwanafunzi wa ufundi, tena ufundi wa moto. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakanipa mgongo, nilikaa kijiweni karibu mwaka mzima nikiandika riwaya kwenye kaunta buku. Riwaya haijaisha, lakini njaa haingojei sura ya mwisho. Ndipo mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, huku huku Kimara, niwe saidia fundi. Hakuna ada na hakuna mshahara. Kuna chai na chapati asubuhi, ugali mchana, na nauli ya jioni.

Watu wanasema nimepata ujuzi wa bure. Mimi sikubali. Ujuzi wa bure haupo duniani; upo ambao bei yake kalipa mtu mwingine. Swali langu ni hilo tu: anayelipa ni nani, na je, anajua kwamba analipa?

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Mashine ya welding inapokea umeme wa ukutani, inashusha volti na kupandisha ampea. Waya mmoja unabanwa kwenye chuma, wa pili unashika kijiti. Kijiti chenyewe ni waya wa chuma uliopakwa dawa, ubunifu wa Mswidi Oscar Kjellberg mwanzoni mwa karne ya 20. Ukikigusisha kwenye chuma halafu ukakiinua milimita mbili tatu, unawaka mwali unaoyeyusha kijiti na chuma kwa pamoja. Dawa inaungua na kutoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, kisha inaganda juu yake kama gamba. Unaligonga gamba kwa nyundo, linabanduka, unaona mshono.

Mshono mzuri umejipanga kama magamba ya samaki. Mshono mbaya unafanana na kinyesi cha kuku. Lakini upo wa tatu, nao ndio wa kuogopwa: mzuri juu, mtupu ndani. Chuma cha kijiti kimelala juu ya paipu bila kuingia, kama siagi juu ya mkate wa jana. Ukishapita na grinda, ukapaka putii, ukapaka redi oksaidi na rangi nyeusi, hata fundi wa miaka 20 hawezi kuujua kwa macho. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia aliyeviunda alijifunzia kwa nani.

Sasa, mwanafunzi asiye na hela anajifunza kwa kutumia nini? Anahitaji vitu vinne: chuma, kijiti, umeme na macho yake.

Chuma si tatizo kubwa. Wauza chakavu wanapima kwa kilo, na vipande vya skwea paipu vinavyobaki karakanani vinatosha kuanzia. Kijiti ndicho kinachouma. Cha milimita 2.5, ambacho kinataka ampea kama 70 hadi 90, kinakwisha kabla hujatulia. Kwa hiyo sisi wanafunzi tunaokota vipisi anavyotupa fundi, vya urefu wa kidole. Kipisi kinakufundisha kuwasha mwali. Kabla hujajifunza kutembea nao, kimekwisha. Matokeo yake mtu maskini anajua sana kuanza na hajui kumaliza. (Waandishi chipukizi wenzangu mtanielewa.) Umeme nao ni wa Luku. Mita ikianza kulia, karakana nzima inamgeukia mwanafunzi.

Cha nne ni macho, na hapo ndipo anapoanza kulipa mlipaji wa kwanza, yaani mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Kofia ya welding yenye kioo halali, namba 10 au 11, ni hela. Miwani ya jua ya machinga ni bei ya soda chache. Lakini miwani hiyo inapunguza mwanga tu. Haikukingi ipasavyo na miali usiyoiona, ambayo ndiyo inayounguza jicho. Saa nane za usiku unaamka kana kwamba umemwagiwa mchanga machoni, na kope hazifunguki. Tena kuna mabomba yenye ngozi ya zinki. Ukiyachomelea mahali pasipo upepo, jioni unatetemeka kama mtu wa malaria, kesho yake unapona. Dawa ya mtaani ni maziwa. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maziwa hayafiki huko.

Mtu atasema, mwili ni wako, umeamua mwenyewe. Sawa. Nakubali nusu. Anayeamua wakati hana hela ya kofia hajaamua kwa uhuru sana, lakini angalau mchanga ulio machoni ni wake na anajua umetoka wapi. Mlipaji wa pili hajui chochote. Huyo ni mteja.

Nitoe mfano. Kimara ni nchi ya vilima na mabonde, na kwa miaka mingi wakazi wake wamezoea shida ya maji: kununua kwa ndoo, kungojea boza, kukinga usiku. Kwa hiyo ndoto ya kila mwenye nyumba huku ni tangi juu ya stendi ya chuma. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tani moja kamili, hujalihesabu tangi lenyewe. Ipandishe tani hiyo mita tatu juu, uishikilie kwa viungo vichache vya moto. Chini ya stendi panakuwa na kivuli. Na kwenye kivuli, kwetu sisi, hapakosi beseni la nguo na watoto wanaocheza.

Miezi michache iliyopita tulipata kazi mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa geti la nyumba mpya upande wa Temboni. Mwenyewe anakuja na gari, simu mbili mkononi. Ya pili ilikuwa stendi ya tangi ya mama mmoja muuza maandazi anayekaa bondeni. Fundi akalishika geti yeye mwenyewe, kuanzia kupima. Stendi akatuachia mimi na mwenzangu, ambaye tumepishana miezi miwili ya uanafunzi.

"Hii ndiyo shule yenu," akasema.

Nisimchafue Fundi wangu. Si mtu mbaya. Karakana yake ya kwanza iliondoka na bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro, akaanza upya na mashine moja. Chai tunayokunywa ni jasho lake. Lakini nilisikia methali ya yatima ikinigonga kichwani, nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, mzee," nikamwambia. "Geti likiachia kiungo, linakwama. Stendi ikiachia, je?"

Akaniangalia kwa muda. "Wewe kijana unasoma sana vitabu. Ukiogopa chuma hujifunzi. Kwani mimi nilijifunzia wapi? Pale Gerezani, nilichomelea vitanda vya watu. Halafu yule mama kalipa bei ya fundi? Kalipa bei ya saidia fundi. Na tungemwambia angekubali tu."

Ndugu msomaji, usimcheke Fundi. Katika maneno hayo machache kuna hoja tatu ambazo hata wenye digrii huzitumia. Tuzipime moja moja, kama tunavyopima paipu kabla ya kukata.

Hoja ya kwanza: hakuna njia nyingine ya kujifunza isipokuwa kufanya. Hii ni hoja ya zamani. Aristotle, yule Mgiriki, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Wanaomtaja wengi huishia hapo. Yeye aliendelea. Alisema pia kwamba kwa kujenga vibaya mtu huwa mjenzi mbaya, na kama isingekuwa hivyo pasingekuwa na haja ya mwalimu. Kwa hiyo kufanya peke yake hakutoshi. Mkono unajifunza chochote unachourudia, kiwe kizuri au kibovu. Mwanafunzi aliyeachiwa stendi bila jicho la mwalimu anajifunza jambo moja kwa uhakika: kwamba rangi inaficha.

Hoja ya pili: kalipa kidogo. Ni kweli kalipa kidogo, kwa sababu anacho kidogo. Lakini nani alimwambia kwamba punguzo lile lilikuwa la mshono? Yeye alidhani amepunguziwa faida ya Fundi. Aliomba, akapunguziwa, akashukuru, hata akatuletea maandazi. Punguzo lisiloelezwa ni deni la siri: unakopa kwenye usalama wa mtu, halafu unamwachia alilipe siku asiyoijua.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: tungemwambia, angekubali. Na mimi naamini angekubali. Angesema, "Fanyeni tu wanangu, Mungu atasaidia." Je, hapo mambo yangekuwa yameisha? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia shabaha ya mwingine. Ukimwambia mtu ukweli wote akakubali, umemheshimu. Lakini ridhaa ya mtu asiye na hela nyingine ina kasoro yake: haikuchagua kati ya stendi nzuri na stendi mbaya, ilichagua kati ya stendi mbaya na ndoo kichwani. Tena, hata kama ridhaa yake ingekuwa safi kama maji ya kuchemsha, aliyekaa kivulini hakuulizwa. Yule mtoto wa jirani aliyekuja kuchezea pale hajaweka sahihi popote. Mtu anaweza kutoa ridhaa ya kichwa chake. Hawezi kutoa ya kichwa cha yatima.

Mpaka hapa ungedhani nimeshinda. La hasha! Kuna upande wa pili unaoninyima usingizi. Tukisema mwanafunzi asiguse kazi ya mteja mpaka awe fundi, nani atakuwa fundi? Atakuwa yule mwenye ada. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isitengane na kazi. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda VETA, na waajiri hutozwa kodi ya kuendeleza stadi ambayo sehemu yake inasaidia mafunzo hayo. Wazo ni zuri sana: gharama ya kumfundisha kijana ibebwe na wale wanaofaidi ufundi wake. Lakini ada ya chuo, hata ikiwa ndogo, ni ndogo kwa aliye nayo. Sisi wengine chuo chetu ni kibanda cha bati na mwembe. Ukitufungia kazi za wateja kwa jina la usalama, unamlinda mtoto wa muuza maandazi asiangukiwe na tangi, halafu unamzuia huyo huyo asije kuwa fundi. Hiyo nayo ni dhuluma, ila imevaa suti.

Hapa historia ya mbali inisaidie. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji meli za mizigo upesi. Kati ya 1941 na 1945 ziliundwa meli 2,710 za aina iliyoitwa Liberty, na kwa sehemu kubwa vyuma vyake vilichomelewa badala ya kupigiliwa ribiti kama zamani. Walioingia viwandani walikuwa maelfu ya watu, wanawake wengi miongoni mwao, ambao hawajawahi kushika kijiti. Walifundishwa haraka haraka. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ikiwa imetulia kwenye maji ya Portland bila wimbi, ikapasuka na kuvunjika katikati. Meli nyingine nazo zikaonekana zina nyufa. Vidole vikaelekea kwa wachomeleaji wapya. Ni kweli palikuwa na mishono mibovu. Lakini uchunguzi wa Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa na ugonjwa: kwenye baridi kinapoteza ugumu wake na kuvunjika kama sahani.

Najifunza mawili hapo. Kwanza, waliozihitaji meli ndio waliogharimia mafunzo. Hawakumwambia kila mtu ajitafutie kichwa cha yatima. Pili, lawama hupenda mkono wa mwisho. Stendi ya Kimara ikianguka, ataulizwa saidia fundi, naye atakuwa keshahamia Mbagala. Hataulizwa aliyeuza paipu nyembamba kuliko alivyosema, wala aliyempa mwanafunzi kazi ya fundi. Kuwauliza wote si kumtetea mwanafunzi asiwajibike. Ni kugawa mzigo kwa haki.

Basi tulifanyaje? Sikugoma, maana ukigoma kazi isiyo na mshahara unajigomea mwenyewe. Niliomba jaribio moja lisilo na gharama. Unachukua vipande viwili vya chuma, unavisimamisha kama herufi T, unachomelea upande mmoja tu, halafu unapiga nyundo kulazimisha kiungo kifunguke. Kikifunguka, unatazama ndani. Kwenye mabaki tulichomelea T sita, mimi na mwenzangu. Zote zilipendeza. Nyundo ikafungua mbili, na ndani palikuwa na madoa meusi ya gamba lililonaswa na sehemu ambazo moto haukuwahi kufika.

Fundi akaviokota vile vipande viwili, akavigeuza, hakusema neno. Akavaa kofia. Viungo vyote vya stendi akavichomelea yeye, sisi tukikata, tukishikilia na kugonga magamba. Jioni alipoketi ndipo akasema, "Kesho mtachomelea maua ya geti. Ua likidondoka halimuui mtu."

Nikaona katika sentensi ile ameniacha mbali na vitabu vyangu vyote. Amehamisha kipimo. Jana aligawa kazi kwa kumtazama mteja: mwenye gari apewe fundi, mwenye maandazi apewe mwanafunzi. Leo kagawa kwa kukitazama kiungo: kinachobeba uhai kiende kwa fundi, kisichobeba kiende kwa anayejifunza, awe mteja ni nani. Mwenye geti alipokuja alilalamika ua moja limekaa upande. Fundi akalinyoosha pale pale, wakacheka. Huyo si yatima. Ana sauti, ana namba ya simu, anarudi na kudai.

Vijiti vya mazoezi navyo vimepata mwenyewe. Siku za Ijumaa hatupewi nauli; hela ile inanunua vijiti, Fundi anatoa umeme na nusu saa ya kusimama nyuma yetu. Natembea kwa mguu mpaka nyumbani, vumbi mpaka magotini, lakini nikiwasha kijiti kizima siku ile najua nani kakilipia.

Bado sijamaliza maswali. Mwenye geti hakuambiwa kwamba maua yake yalikuwa ya wanafunzi, na naona angestahili kuambiwa, hata kama ni maua tu. Na kama karakana ingekuwa na kazi ya stendi peke yake, bila geti la tajiri la kujifunzia maua, Fundi angetupa nini? Sina jibu lililonyooka. Nina kanuni tu: gharama ya kujifunza iwekwe mezani watu waione, kila mmoja achukue sehemu anayoweza kuibeba, na asiyeweza kuuliza asibebeshwe kabisa.

Sisi tunaotaka kuandika tuna bahati ambayo fundi wa vyuma hana. Karatasi haina mtoto chini yake. Unaweza kuharibu sura nzima, ukaichana, jirani akalala salama. Basi hatuna kisingizio cha kumpelekea msomaji mshono mtupu uliopakwa rangi, eti tunajifunza. Tupige nyundo wenyewe kwanza, nyumbani, kwenye mabaki.

Nawe msomaji, uwe unajifunza ushonaji, udaktari, udereva au ualimu, unajifunzia kwenye kichwa cha nani? Na mwenye kichwa anajua?